Mkurugenzi anataka niandike barua ya kuacha kazi ndipo anisainie fomu ya NSSF

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Sayansi, nimefundisha shule ya msingi ya binafsi hapa Morogoro. Jina la shule naomba nilihifadhi maana mtoto wa dada yangu bado anasoma pale. Nilianza Januari 2019, nimetoka chuo na cheti changu cha Daraja la III A. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa mwaka mmoja, wa pili miaka miwili, halafu hatukupewa mwingine, tukaendelea kufundisha hivyo hivyo. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 480,000 kabla ya makato, na kila mwezi slipu ilionyesha NSSF 48,000.

Desemba 2024 tulifunga shule vizuri, tukala pilau, tukapeana mikono. Januari, zikiwa zimebaki siku mbili tufungue, nikapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mkurugenzi: "Mwalimu, kutokana na idadi ya wanafunzi kupungua, mwaka huu hatutakuwa na wewe. Tunakushukuru kwa utumishi." Basi. Barua sikupewa, na hata siku ya kwenda kuaga watoto sikupangiwa.

Mwezi wa pili nikaenda ofisi za NSSF. Dada wa kaunta alinipokea vizuri, akaniprintia taarifa ya michango. Mjomba, nimefanya kazi miezi 72, karatasi inaonyesha 49. Hakuna kitu Aprili hadi Septemba 2020, kipindi cha corona, ingawa tulilipwa nusu mshahara shule zilipofungwa, kisha mshahara kamili zilipofunguliwa, na slipu zote zina makato. Halafu kuanzia Agosti 2023 hadi naondoka ni sifuri tupu, miezi 17. Yule dada akanipa fomu, akanieleza sehemu yangu na sehemu ya mwajiri ya kujaza, kusaini na kugonga muhuri, pamoja na barua ya kusitishiwa ajira.

Tangu siku hiyo nazungushwa. Mhasibu anasema mpaka mkurugenzi. Mkurugenzi yuko Dar. Akirudi naambiwa sijarudisha kiongozi cha mwalimu cha darasa la sita, wakati nilivirudisha vitabu vyote na mwalimu wa taaluma alisaini daftari. Mara ya tatu, wiki iliyopita, mkurugenzi mwenyewe alinikaribisha kiti, akaniagizia soda. Akafungua droo, akatoa barua imeshachapwa, jina langu limo: "Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kuanzia tarehe 31 Desemba 2024 kwa sababu za kifamilia. Sina madai yoyote dhidi ya shule." Akaweka kalamu juu yake. Akasema, "Wewe saini hapa, mimi nasaini pale, kila mtu aende na maisha yake." Nikamwambia nitafikiri. Soda sikuimaliza.

Mume wangu anasema nisaini tu yaishe. Tuna nyumba Mkundi imefika kwenye lenta, na mpango wetu ulikuwa nitoe hela yangu yote ya NSSF tununue mabati kabla ya mvua za vuli. Mwalimu mwenzangu ananiambia kuna kijana karibu na stendi anachonga mihuri, elfu ishirini tu, nijaze fomu mwenyewe. Na jambo la mwisho: kuna shule ya Dakawa inanihitaji kuanzia Julai, mshahara 400,000. Watu wananitisha kwamba nikichukua kazi hiyo hela ya NSSF nimeipoteza.

Nishauri Mjomba, nimechoka kupanda daladala kwenda kuombea sahihi.

Mwalimu, Kihonda

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana.

Ile barua usiisaini. Kama kuna kitu kimoja utakachokumbuka katika haya yote, kiwe hicho. Mwambie na mkwe wangu kwamba hapa "yaishe" ina bei, na bei yake nitakupigia sasa hivi kwa shilingi.

Kwanza tuiondoe ndoto ya kutoa hela yote, maana ndiyo inayowafanya watu wasaini vitu wasivyovisoma. Zamani kulikuwa na fao la kujitoa: ukiacha kazi unachukua michango yako yote unaenda zako. Bunge lilipolifuta mwaka 2012, wafanyakazi, hasa wa migodini, walipiga kelele mpaka utekelezaji ukasitishwa. Sheria Na. 2 ya mwaka 2018, ile iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikazaa PSSSF ya watumishi wa umma na kuiacha NSSF iwe ya sekta binafsi, ndiyo iliyolizika, na mahali pake ikaja na fao la kukosa ajira. Kwa mtu mwenye taaluma kama wewe, fao hilo liko hivi: uwe umechangia angalau miezi 18, uwe hujafika umri wa kustaafu, uwe huna ajira nyingine, na ajira yako iwe imekoma bila wewe kuiacha mwenyewe. Ukitimiza hayo unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa muda usiozidi miezi sita. Michango yako inabaki pale pale ikisubiri uzee.

Kwa mshahara wako ni karibu 160,000 kwa mwezi, yaani kama 960,000 kwa miezi yote sita. Hazitoshi kupaua nyumba ya Mkundi, lakini ni zako.

Sasa rudia kusoma sharti la mwisho: bila wewe kuiacha mwenyewe. Halafu rudia kusoma barua uliyotolewa kwenye droo: "kwa hiari yangu." Umeona? Mkurugenzi anakuuzia sahihi yake kwenye fomu, na malipo anayotaka ni karatasi inayoifanya fomu hiyo hiyo isiwe na maana. Ungeipeleka kaunta ukiwa na furaha, muhuri umekolea vizuri, na mtu wa kaunta angekuonyesha kwa kidole mstari uliousaini mwenyewe.

Na sentensi ya pili ya barua ndiyo nzito zaidi. "Sina madai yoyote." Hebu tuone madai ambayo huna. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, au ulipwe badala yake. Wewe ulipewa siku mbili, tena kwa WhatsApp. Aliyefanya kazi mwaka au zaidi akaachishwa kwa sababu za uendeshaji anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Wewe umetimiza sita, hizo ni siku 42. Kupunguza wafanyakazi nako kuna utaratibu wake kwenye kifungu cha 38: unatoa taarifa ya kusudio, unaeleza sababu, unashauriana na wanaohusika kabla ya kuamua. Kuna na miezi yako 23 ya NSSF. Yote hayo yanafutwa na kalamu moja na soda ambayo hata hukuimaliza.

Nikwambie kitu ambacho kinanitia aibu kidogo. Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi dirisha la utumishi kwenye kiwanda kimoja. Fomu hizo nimezijaza mamia. Kwa hiyo najua kwa nini mwajiri anagoma kusaini, na sababu yake si kiongozi cha mwalimu cha darasa la sita. Pesa iliyoko NSSF si yake, ikitoka haimpunguzii hata senti. Kinachomkaba koo ni ile sehemu ya mwajiri. Pale anatakiwa aandike ulianza lini, umemaliza lini, na mshahara ulikuwa kiasi gani. Akishaandika Januari 2019 hadi Desemba 2024 na kugonga muhuri, amekiri kwa mkono wake miezi 72, na kompyuta ya mfuko inasoma 49. Kwake yeye hiyo fomu ni hati ya mashtaka.

Siku moja niliambiwa na bosi wangu nimzungushe dereva mmoja. Nikamzungusha. Leo faili halionekani, kesho mwenye muhuri amesafiri, miezi minne mtu anakuja na bahasha yake ya kaki imeshalegea pembe. Mwezi wa tano alikuja na afisa matekelezo wa mfuko, yule anayefuatilia waajiri wasiopeleka michango. Fomu ilisainiwa kabla chai ya mgeni haijapoa. Sijawahi kumwomba radhi yule dereva, na nadhani ndiyo maana naandika safu hii.

Basi acha kwenda kuomba kwa mdomo. Ukiomba kwa mdomo unajibiwa kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayana tarehe. Leo hii andika barua, ukurasa mmoja, bila lawama wala matusi. Kichwa cha habari: Ombi la barua ya kusitishiwa ajira, cheti cha utumishi na kujaziwa fomu ya NSSF. Eleza ulianza lini, ujumbe wa kusitishwa ulikujia tarehe ngapi, na kwamba umefika ofisini mara tatu, kila tarehe uitaje. Omba vitu vyote vitatu ndani ya siku saba. Cheti cha utumishi si hisani: kifungu cha 44 cha sheria hiyo niliyoitaja kinamlazimisha mwajiri kukitoa ajira inapokoma. Mwishoni weka mstari mmoja tu: "Nilioneshwa barua ya kuacha kazi niisaini; sijaacha kazi, na sitaisaini." Mstari huo una kazi yake, kwa sababu siku yoyote ikija kutokea barua yenye sahihi inayofanana na yako, wewe utakuwa ulishakana kabla.

Toa nakala mbili. Moja unawaachia, nyingine wakugongee "Imepokelewa" na tarehe, au wasaini kwenye dispachi. Wakikataa kupokea, usibishane na mlinzi wa geti, yeye naye anatafuta mkate. Nenda Posta uitume kwa rejista, utunze ile risiti, kisha ipige picha barua umtumie mkurugenzi kwenye WhatsApp ile ile aliyokufukuzia. Alama mbili za bluu zikitokea, piga skrinishoti.

Ukishamaliza hilo, kusanya ushahidi wako. Ule ujumbe wa Januari ni dhahabu: anasema mwenyewe kwamba idadi ya wanafunzi imepungua na hawatakuwa na wewe. Mtu aliyeacha kazi kwa hiari hashukuriwi utumishi wake kwa namna hiyo siku mbili kabla ya kufungua. Upige picha ukionyesha namba na tarehe, uuchapishe, uutume na kwenye barua pepe yako, maana simu zinaibwa. Slipu zote ulizonazo zitoe nakala. Zilizopotea, benki itakusaidia: taarifa ya akaunti yako inaonyesha mshahara ulioingia kila mwezi baada ya makato, na ukiipanga kando ya slipu chache ulizonazo hesabu inaonekana. Daftari alilosaini mwalimu wa taaluma, kama ni rafiki yako bado, mwombe picha ya ukurasa huo. Wala usimwambie ni ya kesi. Mwambie ni ya vitabu, ambayo ni kweli.

Kabla hujamwita mtu mwizi, hakiki kitu kimoja pale kaunta. Waulize kama una namba ya uanachama zaidi ya moja. Hutokea mhasibu mpya akaja, akaandikisha watu upya, michango ikaenda kwenye namba nyingine. Na jina nalo: kama kitambulisho chako cha NIDA kina jina tofauti hata kwa herufi na lile la NSSF, lisawazishe sasa kwa hati ya kiapo, usingoje siku ya kudai. Pengo kama lako, miezi 17 mfululizo hadi siku ya kuondoka, kwa kawaida si kosa la namba. Hata hivyo hakiki, ili ukiingia kwa meneja uwe umeshalifunga hilo.

Sasa tuje kwa meneja. Andika barua ya malalamiko kwa meneja wa NSSF wa mkoa: shule inakata na haipeleki, na inakataa kujaza fomu. Ambatanisha slipu, taarifa ya michango yenye pengo, ile skrinishoti, na nakala ya barua yako iliyopokelewa. Omba jambo moja bayana, kwamba afisa matekelezo aende shuleni. Hao ndio kazi yao. Sheria ya mfuko inawapa wakaguzi haki ya kuingia sehemu ya kazi na kudai vitabu vya mishahara. Wewe mlinzi anaweza kukusimamisha getini nusu saa juani, lakini mkaguzi anafunguliwa.

Na sheria iko wazi juu ya fedha yenyewe. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake, na anatakiwa kuufikisha mfuko ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Akichelewa anatozwa nyongeza ya adhabu, na mfuko unaweza kumpeleka mahakamani kumdai kama anavyodaiwa mkopaji mwingine yeyote. Nyongeza hiyo ni yake, haikuhusu. Kwa hiyo tuhesabu. Ile ya corona tuiweke kando kwa sababu mshahara ulikuwa nusu nusu. Miezi 17 ya mwisho, kwa 96,000 kila mwezi, nusu yako na nusu yake, ni 1,632,000. Ndani ya hiyo, 816,000 ni pesa aliyoikata kwenye mshahara wako kabisa, akaiandika kwenye slipu, haikufika. Mimi neno ninalolijua kwa jambo hilo sitaliandika hapa, lakini wewe mwalimu unalijua.

Halafu uliza walimu waliobaki. Kama wewe huna kitu tangu Agosti 2023, sioni kwa nini wao wawe nacho. Kila mmoja aombe taarifa yake ya michango kimya kimya. Malalamiko ya mwalimu mmoja aliyefukuzwa yanaweza kuonekana kinyongo, lakini ya walimu tisa wanaoendelea kufundisha yanamtoa mkaguzi ofisini siku hiyo hiyo. Usiwashurutishe. Wana watoto na kodi za nyumba, na wengine wataogopa.

Kuhusu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapo umechelewa kidogo na sitakuficha. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unafunguliwa ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Migogoro mingine ni siku 60 tangu ilipoanza. Kwa kuachishwa kwenyewe utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa ulikuwa unafanya nini. Kuzungushwa na ahadi za mkurugenzi ni maelezo, lakini ni lazima uyathibitishe, na Tume ndiyo itakayopima. Kwa cheti cha utumishi uko pazuri zaidi: ukikiomba leo kwa barua na akakataa, una tarehe ya kukataliwa mkononi. Kufungua shauri ni kujaza Fomu Na. 1 na kumpatia mwajiri nakala, huhitaji wakili kwa hatua ya usuluhishi. Nenda ofisi yao uulize, na usiende Ijumaa saa tisa. Ukipita kwa afisa kazi wa mkoa njiani, si vibaya naye akawa na nakala.

Huyo kijana wa mihuri wa karibu na stendi, mkimbie kama moto. Ukigonga muhuri wa kughushi kwenye fomu ya mfuko wa umma, mkurugenzi ndiye atakayekuwa wa kwanza kufurahi. Leo yeye ndiye mwenye kosa na wewe ndiye mlalamikaji. Muhuri ule ukigunduliwa, mnabadilishana viti, na kesi ya kughushi haina CMA, inaanzia polisi. Elfu ishirini hiyo nunua mfuko wa saruji. Vivyo hivyo na yeyote atakayekupigia akisema yuko "mfukoni" na anaweza kuharakisha faili lako ukimtumia kidogo. Mafao hayaombwi kwa kutuma pesa kwa namba ya mtu.

Nimeacha Dakawa mwisho, kwa sababu nadhani ndiko jibu lako liliko.

Chukua hiyo kazi. Waliokutisha wamechanganya mambo mawili. Fao la kukosa ajira ni la asiye na ajira, ukipata kazi linakoma, hiyo ni kweli. Michango haikomi wala haipotei. Miezi 49 inabaki kwa jina lako, na mwajiri mpya anaendelea pale pale kwa namba ile ile. Linganisha mwenyewe: 160,000 ya miezi sita, ambayo hujaipata na unaigombania, na 400,000 ya kila mwezi kuanzia Julai. Fomu endelea kuifuatilia kwa njia niliyokueleza, na ukilipwa chochote cha kabla ya Julai, alhamdulillahi. Lakini usikae nyumbani bila kazi ili ustahili kulipwa kwa kukosa kazi. Na usifiche ajira mpya ukaendelea kudai, hilo nalo ni kosa.

Ukishaingia Dakawa, angalia kilichotokea. Ile sahihi uliyoipandia daladala miezi yote hii, huihitaji tena kwa haraka. Unachohitaji kwa mkurugenzi ni miezi 23, na hiyo haiombwi kwake, inadaiwa na mfuko. Unaweza kuidai ukiwa unakula mshahara mwingine, bila kumnyenyekea mtu, na bila kuangalia mawingu ya vuli.

Wala usiseme miezi 23 ni kitu gani. Pensheni ya uzee inahitaji miezi 180 ya michango. Mwenye 49 amebakiza 131, mwenye 72 amebakiza 108. Huo ni karibu miaka miwili ya kusimama mbele ya ubao. Na kanuni ya kukokotoa pensheni tangu Julai 2022 inagawa kwa 580: kila mwezi uliochangia unakupa sehemu moja ya 580 ya wastani wa mshahara wako bora wa mwaka. Kwa mshahara huo wako wa 480,000, ambao Mungu akijalia hautakuwa ndio wa mwisho, miezi 23 ni kama 228,000 kwa mwaka, kila mwaka, tangu unastaafu hadi unakufa, kabla hawajatenga sehemu ya mkupuo, ile inayolipwa mara moja unapostaafu. Bibi mmoja mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu anaishi kwa pensheni tu. Muulize mtu kama huyo 228,000 ni kilo ngapi za sukari.

Kuhusu mabati, kaa na mume wako mpange upya. Lenta haiozi. Fungeni plastiki juu ya kuta kabla ya mvua, nyumba itangoja.

Siku ya kwanza Dakawa, kabla hata hujaoneshwa darasa, mpe mhasibu namba yako ya uanachama ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, usiseme kwa mdomo, na umwambie usiandikishwe upya. Omba mkataba wa maandishi. Mchango wa Julai unatakiwa uwe umefika mwisho wa Agosti. Septemba wiki ya kwanza, angalia.